Solange Hakutaka Jeep

Tulikuwa tumeshaipita Kabasha, vumbi limetufanya abiria wote rangi moja, ndipo nilipogundua kwamba mimi ndiye jicho la dereva. Hakuna aliyeniambia nilipopanda Beni. Kongo magari hupita upande wa kulia wa barabara, lakini teksi hii, kama nyingi zinazoingia kupitia mpaka wa Kasindi, ilikuwa na usukani kulia pia. Dereva wetu, Zorobabel, alikuwa amekaa upande wa mtaro, na kila tulipofika nyuma ya lori hakuona mbele kitu chochote isipokuwa turubai. Anayeona ni aliyekaa kushoto. Kwa hiyo kila mara alipunguza mwendo, akanigeukia, akasubiri, nami nikamtabasamia nikidhani ni mtu wa adabu.

“Anakuuliza kama njia iko libre,” alisema mwanamke niliyebanana naye kwenye kiti kile kimoja. “Sema pita, ao sema hapana. Ukiendelea kucheka tutalala hapa.”

Nilianza kusema “pita” kwa sauti ya mtu anayeapishwa. Lori la kwanza tulilolipita kwa idhini yangu lilikuwa limebeba mbao, na mtu aliyelala juu ya mbao hizo alitupungia mkono bila kuinua kichwa.

Mwanamke yule aliitwa Kavira Solange, muuzaji wa mbegu huko Beni: kabichi, vitunguu, nyanya, maharage ya kupanda. Tangu tulipoondoka alikuwa akimhoji Zorobabel kama hakimu. Gari lake linakunywaje mafuta likipanda mlima, na linakunywaje likiwa tupu? Kiti kinamuuma mgongo au amekizoea tu? Mvua ikinyesha, maji yanaingilia mlango gani? Na mguu wa kushoto, unachoka? Maswali mengine Zorobabel aliyajibu kwa mzaha, lakini la mguu alilijibu kwa uzito. Alisema kwenye milima ile mguu wa kulia unafanya kazi, lakini wa kushoto unateswa, maana kila kona ni klachi, kila shimo ni klachi, na jioni yeye hupanda ngazi za kwake kwa mguu mmoja kama kuku aliyelowa.

Solange aliitika kidogo tu, akatazama miguu ya dereva ikifanya kazi. Sababu niliijua tuliposimama Butembo. Aliushika mguu wake wa kushoto kwa mikono miwili, chini ya goti, akautoa nje kama mtu anayeteremsha mzigo wa mwisho, kisha akasimama juu ya fimbo yake. Ilikuwa polio, ya utotoni.

Sikuwa nimewahi kufika Butembo. Nilikuwa nimejiandaa kwa joto la Beni, nikapokewa na baridi ya milima, harufu ya mikaratusi na barabara ndefu ya maduka isiyotaka kwisha. Nilikuwa na chumba mtaa wa Bulengera na majuma kadhaa ya kukaa. Solange alikuwa na siku hiyo moja. Alikuja kununua gari, na alitaka kurudi nalo Beni kabla jua halijashuka, maana kwenye njia ile hakuna anayependa kukutwa na giza.

“Sasa unajua kazi ya kiti ya kushoto,” aliniambia. “Unifuate basi. Niko natafuta mutu wa macho, mwenye hana ndugu hapa.”

Nimeishi katika miji ambako mtu huchagua gari akiwa peke yake, usiku, kwa kusoma maoni ya watu asiowajua. Hulinganisha ulaini wa viti, rangi, unywaji wa mafuta, kisha hununua lile alilolipenda tangu mwanzo. Nilidhani najua mambo hayo. Nilimfuata.

Kwanza tulijikinga mvua kwenye kibanda cha chai, na hapo akanieleza kilichomleta. Maisha yake yote alikuwa amebebwa. Baba yake alimbeba mgongoni hadi shuleni, akivua viatu kwenye matope ili visiharibike, akivivaa tena mlangoni kwa mwalimu. Baba alipozeeka, mjomba alimsukuma kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na kanyagio, akiwa ameketi juu ya makaa ya wengine. Kisha zikaja pikipiki. Mwendeshaji humfunga kwa nyuma pamoja na magunia yake na fimbo yake, kwa mpira uleule mmoja. Siku za soko la Eringeti, wingu likionekana tu, mwendeshaji huondoka na abiria anayeweza kuruka upesi, na Solange hubaki. Mara moja alibaki barazani mwa kanisa hadi jioni na gunia la maharage lililolowa. Siku mbili baadaye yalikuwa yameota ndani ya gunia, meupe, yamesongamana, yakitafuta jua.

“Nimebebwa ya kutosha,” alisema, akaweka kikombe chini.

Fedha zilikuwa zake, za mbegu zake. Lakini kwao kitu kikubwa hakinunuliwi na mdomo mmoja. Tangu baba alipofariki, anayetangulia kusema ni kaka mkubwa, Éliakim, mfanyabiashara wa magodoro hapo Butembo, na Éliakim alikuwa ameshachagua. Alichagua jeep, kama watu wa huko wanavyoita gari lolote refu la magurudumu manene. Jumamosi binti yake, Victoire, angeolewa huko Beni, na msafara wa arusi ni mahali ambapo familia huhesabiana magari bila kufungua mdomo. Dereva naye alikuwa ameshapatikana: mdogo wa mke wa Éliakim. Jeep ingemaliza fedha zote za Solange, hata za mbegu za msimu unaokuja, lakini Éliakim alisema mbegu ziko kila mwaka.

Hivyo ndivyo jambo lilivyosimama tulipoingia Mususa, penye karakana na maduka madogo yaliyobanana, kwenye uwanja wa Issaka. Issaka ni Mwislamu, wa ukoo wa wasafirishaji, na aliuza magari kwa namna ya mtu anayetoa binti zake. Dada yake Hadjara, anayefanya biashara Beni, ndiye aliyemfundisha Solange kuendesha, kwenye uwanja wa mpira, kwa gari lake dogo lisilo na klachi. Kwa hiyo Issaka alijua Solange anaweza nini na hawezi nini. Éliakim alijua pia. Nadhani alikuwa ameamua kusahau.

Alitusubiri kando ya jeep akiwa na suti na tai. Siwezi kulisema vibaya gari lile. Lilikuwa jeusi, refu, limeng'arishwa hadi mawingu yakaonekana kwenye boneti. Lilikuwa na viti vya ngozi, ubaridi wa kuwasha, na kioo cha picha katikati. Éliakim alipozungusha ufunguo, sauti laini ya mwanamke ilisema kitu kwa Kijapani. Alinitazama kama baba ambaye mwanawe amesoma shairi mbele ya wageni.

Solange aliniuliza anasema nini. Kijapani changu ni cha vituo vya treni, lakini hiyo niliielewa: anasema kadi ya kulipia barabara haijaingizwa.

“Anatafuta péage,” Solange alisema. “Tuko nayo, mais yetu ni ya kamba, inafungwa katikati ya njia.”

Hata Issaka aligeuka kando kuficha kicheko.

Kisha akataka kuingia. Ngazi ya jeep ilikuwa juu. Éliakim alinyoosha mikono kumbeba, na Solange akaisukuma kwa fimbo, taratibu, kama mtu anayesogeza pazia. Alishika mpini wa mlango, akajivuta, akaunyanyua mguu wake kwa mkono, akauweka ndani. Ilichukua muda. Sote tulipata kitu cha kutazama angani.

Alipokaa hakuwa na haraka. Alipapasa ngozi, akaegemea, akafumba macho. Alikiri kwamba kiti kile hata askofu angelala. Halafu akatazama chini, penye kanyagio tatu. Aliuchukua mguu wa kushoto, akauweka juu ya klachi. Ukakaa pale tu.

“Yaya,” alimwambia kaka yake, “hii ya kushoto nitaifinya na nini?”

“Hautafinya kitu. Shemeji yangu iko na permis ya kuendesha. Wewe utaikala nyuma, kama madame.”

“Donc nitabebwa tena.”

“Utabebwa na climatisation,” alisema, akiwasha ule ubaridi.

Solange alishuka kwa njia ileile ndefu. Aliuliza gurudumu la akiba liko wapi. Issaka akamwonyesha: chini ya tumbo la gari, la kuteremshwa na mtu aliyelala chali. Akauliza linakunywaje. Issaka alikuwa muuzaji lakini alikuwa pia kaka wa Hadjara, na baada ya kukohoa alisema linakunywa kama wajomba wa bibi arusi.

Ilikuwa ni kwa kulizunguka gari kutafuta gurudumu hilo ndipo sote tulipoona kioo cha nyuma. Butembo gari lisilo na neno mgongoni halijakamilika. Kila lori na kila teksi hubeba sala yake, onyo lake au jina la mtu wake. Na kwenye kioo cha jeep hii, kwa rangi ya njano iliyozungushiwa nyekundu, kulikuwa kumeandikwa: HÉRITAGE YA TATA, yaani urithi wa baba.

Issaka alisimama. Alikuwa ametoka Kasindi asubuhi ile na hakuwa amefika nyuma ya gari. Éliakim alieleza kwa haraka kwamba mchoraji alikuwa na nafasi jana tu, na rangi hiyo inataka kukauka vizuri kabla ya Jumamosi. Na kwani kuna shaka? Mtu ananunua, mtu anaandika, kipi kimetangulia si jambo la kugombania.

“Éliakim,” Issaka alisema polepole, “umebatiza mutoto ya mwenzako.”

Hapo nilielewa yule kaka alivyopiga hesabu zake. Hakuna mtu katika ukoo ambaye angethubutu kurudisha gari lenye jina la marehemu. Lilikuwa limefungwa tayari kwa kamba ambayo Solange hangeweza kuikata mbele ya watu. Mahali pengine kaka angempigia dada kelele. Huku alimwajiri mchoraji.

Solange alisoma maneno yale mara moja, akapita. Alikwenda hadi kona ya uwanja, kwenye gari ambalo hakuna aliyekuwa amemwonyesha.

Lilikuwa dogo, lenye mgongo mrefu, rangi ambayo zamani ilikuwa kijani. Mlango mmoja wa nyuma ulikuwa mweupe, umetoka gari jingine. Viti ni vya kitambaa, kimoja kimeshonwa kwa uzi wa gunia. Lakini mafundi wa Mususa walikuwa wameliinua: wameweka vyuma vinene kwenye springi na bamba chini ya injini, ili lisikwaruze tumbo kwenye mawe. Solange aliketi kwanza, makalio mbele, kisha akageuka na mguu wake ukamfuata bila ugomvi. Kiti kilikuwa sawa na kiuno chake. Chini kulikuwa na kanyagio mbili.

Alilichunguza kama anavyochunguza mbegu, bila kulionea huruma. Alipitisha kidole kwenye mpira wa mlango mweupe na kusema mvua itaingia hapa. Alizungusha kioo kwa mkono, kikagoma katikati. Redio ilitoa sauti ya kitu kinachokaangwa. Aliinua zulia la nyuma, akakuta gurudumu la akiba, akalitoa kwa mkono mmoja akiwa amesimama, akalirudisha. Akakunja viti vya nyuma, akapima kwa fimbo magunia yangelala vipi. Hapo uso wake ulikunjuka.

Éliakim alikuja akiwa na maneno yote aliyoyaweka akiba. Alisema hii ni mutuka ya kubebea kuku. Alisema familia yao si ya jana katika mji huu. Alisema Victoire hawezi kufika kanisani ndani ya kitu chenye mlango wa kuazima.

“Victoire anaolewa na mutu, hapana na mutuka,” Solange alisema.

“Batu batasema nini?”

“Wacha baseme. Kusema haikunywake essence kama jeep.”

Aliomba ufunguo wa kujaribia. Issaka alimpa, lakini alimgeukia Éliakim na kumwambia, kwa adabu zote, kwamba yeye hawezi kumwuzia mtu mwingine jeep yenye jina la baba wa Éliakim. Akaingia ofisini kwake, akatoka na wembe, akauweka kwenye kiganja cha kaka mkubwa.

Tulipotoka langoni Éliakim alikuwa ameshavua koti.

Nilikaa kushoto, mahali pangu. Solange aliendesha kwa mikono miwili, kidevu juu, kuelekea mlima wa Bulengera. Hakuendesha vizuri sana. Alifunga breki mapema mno na alichukia mashimo. Katikati ya mlima tulikwama nyuma ya lori la mchanga lililokuwa likipanda kwa mateso, na nyuma yetu pikipiki zikaanza kupiga honi. Mwendeshaji mmoja alitupita, akainama dirishani, akamwambia mama arudi jikoni. Solange alimjibu kwa Kinande, lugha ya kwao, kitu kilichomfanya abiria wake acheke hadi wakayumba.

“Macho?” aliniuliza bila kugeuka.

Nilichungulia. Njia ilikuwa wazi hadi kwenye kona.

“Pita.”

Gari lile lilinguruma kuliko umri wake, likachomoka, likalipita lori. Juu kabisa Solange alisimamisha, akavuta breki ya mkono, akakaa. Mji ulikuwa chini yetu, mabati na moshi na vilima hadi mwisho. Hakuutazama. Aliutazama mguu wake wa kushoto, ulionyooka sakafuni bila kazi yoyote.

“Ona,” alisema. “Leo yeye ndio mugeni. Anatembezwa tu.”

Tuliporudi, maneno mawili ya kwanza yalikuwa yamekwisha kukwanguliwa, na vumbi la rangi ya njano lilikuwa kwenye mikono ya shati la Éliakim. Lakini hapo alikuwa amesita. Kwenye kioo lilibaki TATA, na wembe ulikuwa umening'inia mkononi mwake. Issaka alikaa mbali kidogo, akijifanya anapanga funguo.

Solange alimwendea. Nilitarajia dhihaka, maana alikuwa nazo za kutosha. Alimchukulia wembe tu, akaegemea gari, akaanza kukwangua mwenyewe, herufi moja baada ya nyingine.

“Tata alinibeba na mugongo mupaka ku masomo,” alisema akiendelea. “Jeep hakuwa nayo. Mugongo ndio héritage, na ilishaisha, yaya. Sasa niache nitembee.”

Alipokwisha, Éliakim alipangusa kioo kwa leso yake.

Solange alilipa, na ndani ya mkoba wake fedha za mbegu zikabaki. Gari jipya hunyweshwa, na kwa kuwa kwa Issaka hakuna pombe, tulimwagia magurudumu limonadi na kunywa iliyobaki. Issaka aliuliza litaandikwa nini nyuma. Solange alisema hakuna kitu, kioo ni cha kuonea. Kisha tulipakia magunia mawili ya maharage ya kupanda aliyoyachukua dukani jirani, yakalala nyuma kama alivyoyapima.

Jua lilikuwa limeanza kuegemea. Kati ya pale na Beni kulikuwa na malori, na kati ya Solange na malori kulikuwa na kiti kitupu. Alinitazama. Ningekwenda, kusema kweli; nimekwenda mbali zaidi kwa sababu ndogo zaidi. Lakini macho yake yalikuwa yameshanipita. Alikuwa anamtazama kaka yake, ambaye alikuwa na arusi ya kuandaa Beni na ambaye, tangu mchana ule, hakuwa na usafiri.

“Yaya, panda.”

Éliakim alivaa koti lake, akafungua mlango mweupe wa nyuma.

“Mbele,” Solange alisema. “Nyuma iko mbegu.”

Alizunguka. Alikaa akiwa amenyooka, mikono juu ya magoti, na kupitia dirishani nilimsikia akimwonya dada yake kwamba hatasema kitu, njia nzima.

“Utasema moja tu,” Solange alimwambia. “Pita, ao hapana.”

Wakaondoka. Nilibaki langoni pamoja na Issaka, ambaye aliukunja wembe ndani ya karatasi na kuutia mfukoni. Hawakufika mbali. Mbele yao lori la mkaa lilikuwa limejaza njia, na gari la kijani likakwama nyuma yake, taa za breki zikiwaka, zikizimika, zikiwaka. Pikipiki zikaanza kupiga honi. Solange hakusogea. Alikuwa anasubiri, na kwa umbali ule nilijua anamsubiri nani.

“Atakataa kusema,” Issaka alisema.

Kioo cha kushoto kilianza kuteremka, kwa mkono, kikagoma katikati. Kikasukumwa. Kichwa cha Éliakim kikatoka nje, tai ikipeperuka, kikachungulia lori, kikarudi ndani. Gari la kijani likachomoka upande wa kushoto na kupita.